Nani Anayesema? Nafsi na Kujidanganya Katika Tanzia ya Kiswahili

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa tanzia ni nini, jibu analolitoa mara nyingi huwa amekwisha kulihifadhi kabla hajausoma mchezo wenyewe: kwamba tanzia ni mchezo ambamo mtu mkubwa huanguka kwa sababu ya kasoro iliyomo katika nafsi yake, na kwamba iliyo kubwa katika kasoro hizo ni kutojijua. Jibu hili limetufikia kutoka kwa Aristotle kwa njia ndefu, likipitia vitabu vya mitihani, na kila mkono uliolipokea umelipunguza kidogo. Makala haya hayakusudii kulitupa. Yanakusudia kuonyesha kwamba tukilichukua kama lilivyo na kuupimia mchezo wa Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, tutaliona jambo dogo na kuliacha lililo kubwa. Katika mchezo huo anayedanganyika si mtu mmoja tu, na yule anayejitambua hafaidiki kwa kujitambua kwake.

Yafaa kukiri mapema kwamba mawazo haya hayakuzaliwa katika maktaba. Yalizaliwa Kishushe, katika nchi kavu ya chini ya milima ya Taita, kuelekea Hifadhi ya Tsavo Magharibi, mahali ambapo mkulima huomba mvua kwa jicho moja na kwa jicho la pili akawaangalia ndovu wasiingie katika mahindi yake. Mwandishi wa makala haya alikwenda huko kwa kazi nyingine kabisa, kazi ya kukusanya msamiati wa Kidawida, na kitabu cha Kinjeketile kilikuwamo katika mkoba wake kwa bahati tu. Jioni moja wenyeji wake walimtaka awasomee. Aliwasomea kwa muda wa siku tatu, jioni baada ya jioni, na maswali aliyoulizwa huko hajayakuta katika uhakiki wowote alioupata kuusoma. Tutayafikia maswali hayo, lakini kwanza hatuna budi kuitazama historia ya tanzia yenyewe katika lugha yetu.

Neno tanzia halikuanza kama istilahi ya fasihi. Kwa matumizi ya kila siku ya Waswahili, tanzia ni habari ya kifo, ile inayopelekwa kwa jamaa walio mbali ili wahudhurie maziko au walau waomboleze. Asili yake ni Kiarabu, katika neno la kupa pole wafiwa. Wataalamu walipolichagua neno hili ili lisimamie aina ya mchezo ambayo Wayunani waliipa jina lenye maana ya wimbo wa mbuzi, walifanya jambo la busara kuliko pengine walivyokusudia. Maana tanzia, kwa maana yake ya asili, ni habari ambayo mtu mmoja anayo na mwingine bado hana. Mfiwa hukaa akicheka na wenziwe ilhali mjumbe yuko njiani. Ukiutazama mchezo wa Sophocles kuhusu mfalme wa Thebes, ambao S. S. Mushi aliufasiri kwa Kiswahili kwa jina la Mfalme Edipode (1971), utaona kwamba mchezo mzima si kitu ila mwendo wa mjumbe wa namna hiyo. Mfalme anatafuta chanzo cha maradhi yaliyoupata mji. Kila mtu barazani amekwisha kukijua au kukishuku. Na yeye ndiye wa mwisho kuletewa tanzia yake mwenyewe.

Tamthilia ya Kiswahili iliyoandikwa kwa ajili ya jukwaa la namna ya Kizungu haikuanzia katika huzuni. Michezo iliyochapishwa Kenya katika mwaka 1957, kama vile Nakupenda Lakini ya Henry Kuria, na Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu za Graham Hyslop, ilitoka katika mazingira ya shule na ya maofisa wa utamaduni wa serikali ya kikoloni, na ilikuwa michezo mifupi ya kuchekesha. Hapana haja ya kuidharau, kwani ndiyo iliyowafundisha watu wetu kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mazungumzo ya jukwaani. Lakini katika kichekesho kujidanganya hakumgharimu mtu kitu kikubwa. Anayejiona bwana hufichuliwa, watu hucheka, naye mara nyingi hucheka pamoja nao, kisha kila mmoja huenda nyumbani kwake.

Tanzia iliingia kwa mlango wa tafsiri. Mwaka 1963 Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar, akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969. Mushi naye alitoa Makbeth mwaka 1968. Mengi yamesemwa juu ya ufundi wa lugha katika tafsiri hizi, na hapa si mahali pa kuyarudia. Kinachotuhusu ni kwamba zilimpa msomaji wa Kiswahili namna mbili za kujidanganya ambazo hazikuwamo katika vichekesho. Ya kwanza ni ya Makbeth: mtu anapewa maneno ya kweli yenye maana mbili, naye anaichagua ile inayoafikiana na tamaa yake. Wachawi hawamwambii uwongo. Yeye mwenyewe ndiye anayeujaza uwongo katika nafasi waliyoiacha wazi.

Ya pili ni ya Brutus, nayo ndiyo yenye uzito zaidi kwa hoja yetu. Kassio anataka Brutus aingie katika njama ya kumwua Kaizari, na anajua kwamba Brutus hawezi kuingia kwa wivu wala kwa kutaka cheo. Basi anatupia barua dirishani kwake, zimeandikwa kwa miandiko mbalimbali, kana kwamba zimetoka kwa wananchi wengi wa Roma wanaomlilia awaokoe. Brutus anazisoma na kuamini kwamba umma umesema. Kumbe aliyesema ni mtu mmoja mwenye miandiko mingi. Anauawa mtu, na baadaye watu wengi zaidi, kwa sababu ya sauti ya umma ambayo umma haukuitoa. Wasomaji wetu walikuwa wametoka tu katika miaka ya kupigania uhuru, miaka ambayo jina la umma lilitajwa katika kila mkutano, kwa hiyo hapana shaka kwamba jambo hili halikupita bila kuwagusa, ingawa uhakiki wa wakati ule ulijishughulisha zaidi na kuuliza kama Shakespeare anafaa au hafai kusemeshwa Kiswahili.

Na ndipo mwaka 1969 ukatoka mchezo wa Kinjeketile.

Msomaji anaifahamu historia, lakini ni lazima tuikumbuke kwa uangalifu kwa sababu mwandishi aliibadilisha, na mahali alipoibadilisha ndipo palipo na ufunguo. Kinjeketile Ngwale alikuwa mtu wa Ngarambe, karibu na mto Rufiji. Masimulizi yaliyokusanywa na Gilbert Gwassa, na ambayo sehemu yake ilichapishwa yeye na John Iliffe katika miaka ya 1960, yanaeleza kwamba alipagawa na pepo aitwaye Hongo, akaingia katika kidimbwi, akatoka siku ya pili akiwa mzima na nguo zake zikiwa kavu. Alianza kugawa maji ya dawa. Watu wa makabila mbalimbali walimwendea kwa mafungu. Vita vilipoanza Umatumbini mwishoni mwa Julai 1905, Wajerumani walimkamata upesi, wakamnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti. Yaani Kinjeketile wa historia alikufa vita vikiwa havijatimiza hata majuma mawili. Hakuona watu wakianguka mbele ya bunduki za rashasha, hakuona mashamba yakichomwa wala njaa iliyofuata, njaa iliyofanya idadi ya waliokufa ikadiriwe na serikali ya Kijerumani kuwa 75,000, na Gwassa akaikadiria kuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Hussein, katika utangulizi wake, anatutahadharisha kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia. Watu wengi wamelichukulia onyo hili kuwa adabu tu ya mwandishi mbele ya wanahistoria. Kwa maoni yetu ni zaidi ya hapo. Kinjeketile wa jukwaani anaachwa hai mpaka kushindwa kumetokea. Anaipata ile habari ambayo mwenziwe wa Mohoro hakuipata. Mwandishi amemlazimisha shujaa wake aishi ili apokee tanzia.

Sasa tuangalie namna anavyoipokea, kwani hapa ndipo kipimo cha Aristotle kinapoanza kulegea. Edipode anajitambua mwishoni, na kujitambua kwake ndiko kilele cha mchezo. Kinjeketile anajitambua mapema mno. Katika hali ya kupagawa amewaahidi watu umoja na ushindi. Lakini pia amesema kwamba baada ya Mjerumani watakuwa chini ya Seyyid Said. Baadaye, akili yake ikiwa imetulia, anayapima maneno haya, na anaona kwamba aliyoyatoa kinywani mwake ni ahadi ya kumwondoa bwana mmoja na kumweka bwana mwingine. Basi aliyesema alikuwa nani? Kama ni Hongo, Hongo amewadanganya. Kama si Hongo, ni yeye. Shaka hii inampata vita vikiwa bado havijaanza, wakati ambapo neno moja kutoka kwake, tungedhani, lingetosha kuvizuia. Anataka watu wangoje. Hawangoji. Neno limekwisha kuwa lao, na yeye amebaki nyuma yake kama mzazi ambaye mtoto wake amempita kimo.

Kwa hiyo mpango wa Brutus umegeuzwa ndani nje. Roma, mtu mmoja alibuni sauti ya wengi, na mtu mmoja akadanganyika. Ngarambe, wengi walibuni sauti ya mtu mmoja, wakadanganyika wote isipokuwa yeye. Yeye, ambaye kwa kawaida ya tanzia angekuwa kipofu kati ya wenye macho, amekuwa mwenye macho ambaye hakuna anayemtaka aone.

Hapa ndipo tunaporudi Kishushe. Swali la kwanza lililoulizwa huko liliulizwa na mama mmoja mzee, ambaye kwa siku mbili alikuwa amesikiliza akichambua maharagwe bila ya kuinua uso. Aliuliza ni nani aliyemtasa Kinjeketile kabla hajaanza kuyatoa yale maji.

Kwa msomaji asiyeifahamu Taita, inafaa kueleza. Kutasa ni tendo lililokuwa katika kiini cha dini ya jadi ya Wadawida. Mtu huchukua funda la pombe, au la maji, akalipuliza nje kwa kinywa huku akitamka maneno ya kuitoa hasira moyoni na ya kuwatakia wengine heri. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kutoa kitabu juu ya dini hiyo mwaka 1978, aliona kwamba itikadi yote ilizunguka jambo hili moja: hasira iliyofichika katika moyo wa mtu wa karibu, awe mzee wa ukoo, mzazi, au hata mzimu, huleta maradhi na hasara kwa wengine, na dawa yake ni mwenye hasira aitoe mwenyewe. Na jambo la kuzingatiwa ni kwamba hasira hiyo hudhuru hata kama mwenyewe hakukusudia kudhuru. Mtoto akiugua, watu huenda kupiga ramli, na ramli yaweza kumtaja yule yule aliyetoa kuku wa kupigia ramli. Mtu huyo hatiwi hatiani kwa namna ya mahakama. Hutakiwa autazame moyo wake, ayakubali yaliyomo, ayateme.

Msomaji ameona tayari ukaribu wa jambo hili na mji wa Thebes: maradhi, uchunguzi, na mchunguzi ambaye ndiye chanzo. Lakini tofauti ni kubwa kuliko mfanano. Huko Thebes utambuzi humtoa mtu katika jamaa yake. Edipode anatoboa macho na kwenda uhamishoni. Taita utambuzi ndio unaomrudisha. Kujidanganya, kwa fikra hii, si siri iliyofungwa katika nafsi ya mtu mmoja, ni deni baina ya watu, na deni huweza kulipwa maadamu kuna mtu wa kulidai na mahali pa kulilipia. Yule mama aliyasikia maji ya Ngarambe kwa masikio ya kutasa. Maji yenye nguvu ni yale yaliyopita katika kinywa cha mtu aliyekwisha kuusafisha moyo. Kinjeketile aliyagawa yake kwa maelfu, na hasira ya kila aliyeyapokea, hasira ya haki kabisa dhidi ya mashamba ya pamba na kiboko, haikutolewa nje. Iliingizwa ndani ya maji.

Swali lake la pili lilikuwa zito zaidi. Aliuliza kama, Kinjeketile alipotoka kidimbwini, kulikuwa na mtu aliyemuuliza yule pepo anataka nini.

Nyuma ya swali hili kuna saka. Harris alieleza ugonjwa huu katika makala yake ya mwaka 1957, na I. M. Lewis akautumia kama mfano katika kitabu chake juu ya upagawaji cha mwaka 1971, kwa hiyo umejulikana mbali kuliko mambo mengi ya Taita. Wake za watu, kwa wingi, walishikwa na mtetemeko, wakatikisa vichwa, wakapotewa na fahamu, na kilichowachokoza kilikuwa mara nyingi kitu cha ugeni: mlio wa kiberiti, harufu ya sigara, ngurumo ya motokaa. Pepo alitaka kitu. Watu wa nyumbani waliuliza, mume akatafuta alichotakiwa kutafuta, ikachezwa ngoma. Wanaume wa wakati ule walinung'unika kwamba wanawake wanajifanya ili wanunuliwe nguo, na wataalamu nao, kwa lugha ya heshima zaidi, wameelekea huko huko: kwamba saka ni njia ya wasio na sauti kudai haki bila ya kuonekana wanadai.

Maelezo hayo yana ukweli, lakini yanamlazimisha aliyepagawa awe mmoja wa wawili, ama mwongo ama mgonjwa. Lugha yenyewe haimlazimishi hivyo. Tunasema mtu amepagawa, au amepandwa na shetani, nasi tumetumia kauli ya kutendwa. Hapo mtu ni kiti tu. Tunasema pia kwamba mtu amepandisha, nasi tumemfanya yeye kuwa mtendaji. Maneno haya hutumiwa kwa mgonjwa mmoja, siku moja, hata na msemaji mmoja, na hakuna anayeona kwamba amejipinga. Sarufi ya Kiswahili imeyaacha wazi yale ambayo uhakiki umekuwa ukiharakisha kuyafunga. Swali la busara mbele ya aliyepandisha si kama anasema kweli. Swali ni nani anayesema, na anataka nini. Na huulizwa na walio karibu, kwa sauti, mbele ya watu.

Tukiurudia mchezo kwa swali hili, tunakuta kwamba kwa hakika halikuulizwa. Watu wa Rufiji hawamuulizi Hongo anachokitaka. Wana chao tayari. Wamechoka, wamepigwa, wamelimishwa pamba isiyo yao, na wanatafuta kinywa cha kusemea. Kinjeketile anapotoka majini wanasikia vita, na yale ya Seyyid Said, ambayo yangepaswa kumshtua kila aliyekuwapo, yanapita kama upepo. Hivyo kujidanganya kwa Kinjeketile, ambako wahakiki wamekujadili sana, ni kudogo. Kulidumu kwa muda mfupi, na mwenyewe alikugundua. Kujidanganya kukubwa ni kwa hadhira yake, nako kulikuwa na sababu nzuri zote za duniani. Hapa ndipo tanzia ilipo. Mtu mpumbavu akidanganyika tunapata kichekesho; watu wenye haki wakidanganyika kwa ajili ya haki yao, hatuna jina jingine.

Tunafika katika onyesho la mwisho, la gerezani. Kitunda, rafiki yake na jemadari wa vita, yuko pamoja naye, na Kinjeketile anatakiwa ayakane maji, aseme kwamba yalikuwa uwongo. Anakataa. Anafikiri kwamba akiyakana, vizazi vijavyo vitaambiwa kuwa si maji tu yaliyokuwa uwongo, bali hata kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Wahakiki wengi wamelisoma onyesho hili kama ushindi wa shujaa, na katika vyuo vyetu vya miaka ya 1970, wakati ambapo kila kazi ya sanaa ilipimwa kwa kiasi ilichosukuma mapambano, haikuwa rahisi kulisoma vingine. Mwandishi wa makala haya alilifundisha hivyo kwa miaka mingi. Leo haoni kwamba usomaji huo ni wa makosa, ila anaona kwamba umekuwa mwepesi mno. Kitunda, ambaye amewaona waliokufa, hasemi neno la kijinga anapotaka ukweli utamkwe. Waliokufa walikufa wakiamini jambo, na aliyelijua kuwa si kweli alinyamaza. Kwamba alinyamaza kwa ajili ya heshima yao haliwapunguzii mauti. Hussein hakutupa njia ya kuwapatanisha marafiki hawa wawili, na sisi walimu tumeitafuta kwa niaba yake, katika mwongozo baada ya mwongozo, kwa kuwa mtihani hutaka jibu moja.

Kuna wanaosema kwamba kuufasiri mchezo wa Ngarambe kwa mila za Taita ni kuchanganya nchi mbili zisizojuana. Pingamizi hili ni la haki. Hongo si saka, na maji ya Rufiji hayakupulizwa kwa kinywa. Hatudai kwamba Hussein, mtu wa pwani ya kusini ya Tanzania, aliwahi kuisikia Kishushe. Tunachodai ni kidogo zaidi: kwamba mchezo uliandikwa kwa ajili ya hadhira ambayo upagawaji kwake si sitiari, na kwamba hadhira ya namna hiyo huuliza maswali ambayo darasa lililolelewa na Aristotle peke yake haliulizi. Kama Ngarambe yenyewe ingesomewa mchezo huu, huenda yangetoka mengine tena.

Mwaka 1971 Hussein alitoa Mashetani, na humo pepo amehama kutoka mtoni na kuingia katika nyumba za wasomi. Juma na Kitaru, vijana wawili marafiki, wanaigiza mchezo mdogo wa Binadamu na Shetani chini ya mbuyu, na Kitaru anashindwa kutoka katika mchezo huo hata baada ya kwisha. Jamaa ya Juma ilikuwa na mali na cheo kabla ya mapinduzi. Bibi yake bado anaishi katika nyumba ambayo haipo tena ila kichwani mwake. Jamaa ya Kitaru ndiyo iliyopanda. Kila upande una shetani wake, na hakuna wa kumuuliza anataka nini, kwa sababu katika nyumba za namna hiyo ni aibu kukiri kwamba shetani yupo. Kitaru hutafutiwa daktari. Mchezo huu ni mgumu, na ugumu wake umelalamikiwa sana, lakini tukiusoma baada ya Kinjeketile ugumu unapungua: ni tanzia ya watu waliopoteza hata kile kidimbwi ambacho pepo angeweza kutokea hadharani.

Kwenye Ukingo wa Thim, wa mwaka 1988, tutautaja kwa ufupi tu, ingawa unatuleta Kenya. Ulitokana na mashauri yaliyofuata kifo cha wakili S. M. Otieno mnamo Desemba 1986, wakati mjane wake, Wambui Otieno, na ukoo wa mumewe waliposhtakiana juu ya mahali pa kumzika, mpaka ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga mwezi Mei 1987. Kwa miezi mitano mahakama za Nairobi ziliulizwa swali la tanzia kwa lugha ya sheria: mtu huyu alikuwa nani? Mmoja alisema ni mtu wa kisasa aliyeishi mjini kwa hiari yake. Mwingine akasema ni Mjaluo, na Mjaluo huzikwa kwao. Mashahidi waliieleza mahakama maneno ambayo marehemu aliyasema alipokuwa hai. Yeye mwenyewe hangeweza kuulizwa, na kwa sababu hiyo kila upande ulimpandisha kwa namna yake.

Jioni ya tatu, Kishushe, onyesho la gerezani lilisomwa mara mbili kwa kutakwa na wasikilizaji. Mzee mmoja alisema kwamba yeye naye asingeyakana maji hata angenyongwa mara mbili. Yule mama alisema kwamba yeye angeyakana, kwa sauti, asubuhi, mbele ya watoto wa waliokufa, kisha angewaomba funda moja la maji. Walishindana kwa muda mrefu, kwa adabu, kila mmoja akimwita mwenziwe kwa heshima yake. Mzee aliuliza hao watoto wangelimpa maji hayo kwa mkono gani. Mama alisema hilo ndilo alilokuwa akilingoja tangu juzi, naye alidhani limo katika kitabu.